Mkalimani wa Mama Mkwe

Siku za kazi Muthamia aliuza vipuri vya lori pale Makutano, mjini Meru. Jumapili alisimama jukwaani kando ya wahubiri wageni, kitambaa cha jasho mkononi, akiyageuza maneno yao kuwa Kimeru kabla hayajapoa. Mhubiri akiruka, naye aliruka. Mhubiri akinyamaza kwa uchungu, naye alinyamaza kwa uchungu uleule. Waumini walisema kuna wahubiri ambao wangesahaulika kabla ya chai kama si mkalimani wao.

Lugha alikuwa nazo za kutosha. Kimeru alizaliwa nacho. Kiswahili na Kiingereza alichapiwa shuleni hadi vikaingia. Kiborana alikiokota kwa madereva wa Moyale waliokuja kubishania bei ya springi. Kimbeere alikipata Siakago, kule Mbeere chini kwenye jua, alikokaa ujanani akinunua ndengu kwa niaba ya tajiri mmoja. Huko ndiko alikompata mke wake Njura, mwalimu wa shule ya msingi.

Ila alikuwa na tabia moja. Neno chungu likifika kinywani mwake lilitoka limelainika. Kuna Jumapili mhubiri mmoja alipandwa na hasira kwa sababu ya sadaka.

"Nyinyi watu wa Meru ni wachoyo!" akafoka. "Mnapenda shamba kuliko Mungu!"

Muthamia akasema kwa Kimeru, "Mgeni wetu ameyaona mashamba yenu, ameyapenda sana."

Kanisa lilicheka mpaka watoto waliolala wakaamka, kwa maana karibu wote walielewa Kiswahili. Baada ya ibada mzee Riungu, mweka hazina, alimshika bega. "Wewe si mkalimani, Muthamia. Wewe ni chujio la chai. Majani yote yanabaki kwako."

Muthamia alilichukua kama sifa. Ukivuka mipaka mingi utawakuta watu wa aina yake kila mahali, kwenye vituo vya forodha, mahakamani, sokoni: wanaishi katika upenyo kati ya lugha mbili na kuamini kwamba kazi yao ni kuleta amani. Mara nyingi hufaulu, na kwa kuwa hufaulu hawajifunzi kuogopa.

Mama yake Njura aliitwa Ciakuthii. Alikuwa mjane, akiishi Siakago peke yake na mbuzi wake. Kati yake na Muthamia palikuwa na uthoni, heshima ya mkwe na mama mkwe, ambayo kwa watu wa pande hizi ni ukuta kamili. Hawakupeana mkono. Hawakutazamana machoni. Alipomwona mama njiani, Muthamia alisogea kwenye nyasi akasimama hadi apite. Hakuketi kwenye kiti alichokalia mama, wala mama hakulala chini ya paa la mkwewe. Viungo vya mwili havikutajwa kati yao, hata jino. Ciakuthii alipotaka kumwambia jambo na Njura hayupo, aliwaambia mbuzi.

"Nyinyi mbuzi," angesema, ameupa mlango mgongo, "mtu ametoka mbali na hajanywa chai, na nyinyi mnatafuna tu."

Muthamia angeingia akainywa chai ile, akisema kwa sauti kwamba mbuzi wa nyumba hii wamelelewa vizuri. Walipendana kwa namna hiyo.

Mwaka huo, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zinaanza baada ya kiangazi kirefu, Lydiah alipiga simu kutoka Johannesburg. Lydiah alikuwa kitinda mimba wa Ciakuthii, ameolewa huko na Mmalawi aliyeendesha malori ya masafa na kulala nyumbani kwa nadra. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya tatu ilikuwa imefika mahali ambapo zile nyingine hazikufika, na daktari alikuwa amemwamuru alale, asiinue hata ndoo.

"Namtaka mama," alilia kwenye simu, sauti imejaa sebule yote ya Makutano. "Njura, nisipompata mama hata huyu nitamzika."

Basi tiketi ikanunuliwa, pasipoti ikatoka. Kilichobaki kilikuwa kadi ya manjano, ile inayoonyesha kwamba msafiri amechanjwa homa ya manjano. Bila hiyo, mtu aliyetoka Kenya aliweza kurudishwa kutoka uwanja wa ndege wa kule bila kuona hata barabara. Tena kadi haikuwa na nguvu mpaka siku kumi zipite baada ya sindano. Siku pekee zilizofaa ziliangukia wiki ya mtihani wa darasa la nane, na wiki hiyo mwalimu hapewi ruhusa hata akifiwa.

"Utampeleka wewe," Njura alimwambia mumewe.

"Mimi?"

"Si unajua Kimbeere? Sista wa ile kliniki ya Embu ni Mluhya, nimeongea naye. Na Kiswahili cha mama ni cha sokoni tu, cha bei na chumvi."

"Njura, yule ni muthoni wangu."

"Sijakwambia umwoshe miguu. Nimekwambia umpeleke sindano."

Walikutana Embu asubuhi, mama akitoka Siakago na mkwe akishuka kutoka Meru. Ciakuthii alikuwa amefunga leso kichwani na kuvaa viatu vipya vyeusi alivyonunuliwa kwa ajili ya safari. Alikuwa anavizoesha, na vilimuuma. Alikuwa amekonda tangu Muthamia alipomwona mwisho, lakini kiangazi kilikuwa kimemkondesha kila mtu Mbeere, watu na mifugo. Kwenye benchi la kliniki waliacha nafasi ya mtu mmoja katikati, na mgonjwa aliyejaribu kuketi pale alitazamwa mpaka akaondoka.

Sista, muuguzi wa chanjo, alikuwa msichana mchangamfu. Alianza na mawaidha ya safari.

"Mwambie kwenye ndege asikae tu. Anyooshe miguu, atembee kidogo, damu isigande."

Muthamia alitazama ukuta. "Wanasema mtu asikae kama gunia," alitafsiri.

"Mwambie anywe maji mengi. Na avae nguo ndefu jioni, mbu wasimuume mwili."

"Maji, na sweta."

"Ai, baba!" Sista alicheka. "Mimi nasema maneno kumi, wewe unasema mawili. Kimbeere ni lugha ya telegramu?"

"Ni lugha fupi, sista."

"Haya. Mwambie kama kuna dawa anakunywa kila siku, azibebe kwa mkoba wa mkononi. Asiweke kwa begi kubwa, huwa yanapotea."

Hilo alilitafsiri lote, kwa kuwa dawa si kiungo cha mwili. Ciakuthii aliuvuta mkoba wake karibu na tumbo. "Nimesikia," alisema.

Kisha yakaja maswali. Sista aliuliza umri, akaambiwa miaka sitini na kitu, akakuna kichwa kwa kalamu. "Wazee tunawaangalia zaidi. Kawaida daktari ndiye angemwona, lakini ameenda mkutano. Tuulizane vizuri. Ako na aleji ya mayai?"

Hakuwa nayo. Alipenda mayai.

"Amewahi kuzimia baada ya sindano?"

Hapana.

"Sasa sikiza hapa. Ako na virusi vya ukimwi? Ama anatumia zile dawa za kupunguza makali? Ama saratani, ama kitu chochote kinaangusha kinga? Muulize polepole. Hii chanjo imetengenezwa na virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwili wenye kinga unavishinda, ndivyo unajifunza kupigana. Mwili usio na kinga, vinaweza kuushinda."

Muthamia alielewa kila neno. Yeye ndiye aliyekuwa amelipwa na serikali siku moja kutafsiri mkutano wa afya Makutano, na maneno yote hayo alikuwa nayo, katika lugha zake zote. Lakini watu mia tano wa Makutano hawakuwa mama mkwe wake. Kumuuliza yule mama swali hilo ni kumuuliza alilala vipi na mume wake, na mume wake alilala na nani. Baba mkwe alikufa kwa kifua. Ndivyo ilivyosemwa, na Muthamia hakuwahi kuuliza kilikuwa kifua gani. Nje, kwenye korido, mwanamke wa usafi alikuwa anapiga deki huku akiimba wimbo wa kanisa kwa Kiembu, lugha ambayo Mmbeere yeyote huielewa.

Muthamia aliendelea kuutazama ukuta. "Wanauliza kama mtu ana nguvu za kusafiri," alisema.

Neno ukimwi halikuhitaji mkalimani. Lilikuwa limepita soko la Siakago miaka mingi, linajulikana kama chumvi. Ciakuthii alivitazama viatu vyake vipya. Labda alimngoja mkwewe alirudie swali kama lilivyoulizwa. Labda alimshukuru kwa kutolirudia.

"Nguvu zipo," alisema. "Mtoto wangu ananingoja."

Muthamia alimgeukia sista. "Hapana. Hana."

"Ako na uhakika?"

"Amesema hana."

Sista akaandika. Mkono wa sweta ulipopandishwa, Muthamia aligeuza uso, akasikia tu mama akivuta pumzi. Walipotoka mama alikuwa na kadi ya manjano mkobani na pamba begani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu, ingawa tabasamu lilielekezwa kwenye mlango. Alipanda gari la Siakago. Mkwe alipanda la Meru.

Mtihani ulipomalizika, jirani wa Siakago alipiga simu. Mama ana homa kali. Kesho yake akasema mama anatapika. Njura na Muthamia waliteremka, wakamkuta Ciakuthii kwenye wodi ya hospitali moja Embu, macho yake yamekuwa na rangi ya maji ya chai hafifu. Njura alimtazama, akatoka nje, akashika ukuta.

Daktari wa zamu aliitwa Gichovi, kijana wa hapohapo Embu. Alimtuma Njura maabara na chupa ya damu, akabaki kando ya kitanda, naye Muthamia amesimama upande wa miguu ya mama, uso ameuelekeza dirishani.

"Mama," daktari aliuliza kwa Kiembu, "kuna dawa unayokunywa kila siku?"

Ciakuthii alifungua macho, akayapeleka kwa mkwewe, akayafunga tena.

Daktari aliliona hilo. "Wewe ni mwanawe?"

"Mimi ni mkwe."

"Basi toka nje, mzee. Unangoja nini?"

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Muthamia alitoka, daktari akavuta pazia, na upande wa pili wa kitambaa chembamba mkalimani alisikia mazungumzo yasiyohitaji mkalimani.

"Sasa tuko wawili, mama. Unakunywa dawa?"

"Nilikuwa nakunywa. Za ule ugonjwa. Nilianza mwaka tuliomzika baba yao."

"Ukaacha lini?"

"Kiangazi. Zile dawa hazikai kwenye tumbo tupu. Nilisema nikivuna nitarudia."

"Na kwenye chanjo, hawakukuuliza?"

"Mimi niliulizwa kuhusu nguvu," alisema Ciakuthii. "Nikajibu kuhusu nguvu."

Kwenye korido Muthamia alimkumbuka yule mwanamke aliyekuwa akipiga deki. Angesimama tu, aseme, "Mama, njoo utusaidie kuuliza neno," kisha yeye atoke nje akanunue soda. Uthoni wenyewe ulikuwa na mlango wa kutokea. Wazee waliouweka waliujua. Yeye, kwa ujuzi wake wote, alikuwa ameketi pale kwa sababu alijiona anatosha.

Daktari Gichovi alipotoka hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Chanjo hii nimewapa watu wengi sana," alisema. "Mimi mwenyewe ninayo. Yaliyompata mama hutokea kwa nadra, nilikuwa nimeyasoma tu. Lakini mtu wa umri wake, kinga iko chini namna ile, hachomwi. Anaandikiwa barua kwamba kwa sababu za afya amesamehewa. Anasafiri nayo."

"Barua tu?"

"Barua tu. Ama arudie dawa kwanza, safari ingoje."

"Sasa atapona?"

"Dawa ya kuvitoa virusi hivyo hakuna. Tunausaidia mwili upigane. Na mwili hauna cha kupigana nacho."

Ciakuthii alimwita Muthamia ndani kabla Njura hajarudi. Hapakuwa na mbuzi wa kuambiwa. Alimtazama mkwewe usoni, na Muthamia, asijue la kufanya na macho yake, akayaacha pale.

"Baba Kathambi," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

"Mama."

"Njura asijue. Wala Lydiah. Baba yao walimzika kwa kifua. Mimi wanizike kwa sindano."

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia ama umekubali?"

"Nimekubali."

Alikufa siku mbili baadaye, figo zikiwa zimesimama. Walimzika Siakago kwenye udongo mwekundu uliokuwa umelainishwa na mvua aliyoingoja. Lydiah alilia kwa simu iliyowekwa karibu na kaburi, kwa kuwa hakuruhusiwa kuinuka kitandani. Watu walizungumza wazi. Sindano ya wazungu, walisema. Alienda kwa miguu yake, akarudi na kadi na kifo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema tangu siku hiyo kliniki ya watoto hataikanyaga, na waliomzunguka waliitikia. Muthamia alisimama hatua chache tu kutoka kwao. Alisikia kila neno, akamshika Njura mkono.

Mwanzoni mwa Desemba Lydiah alijifungua msichana, kabla ya wakati, mdogo kama paka, lakini hai. Hakuwa na mama wa kumshikia mtoto wala wa kumpikia uji. Jirani Mzulu alimsaidia kadiri alivyoweza. Karibu na Krismasi alipiga simu, na Njura akaiweka mezani ili mikono yake iendelee kukunja chapati.

"Leo walitaka kumchoma sindano," sauti ya Lydiah ilisema. "Ya kifua kikuu, na sijui zipi. Nimewafukuza. Sindano imemla mama, haitamla na huyu."

"Umefanya vizuri," alisema Njura.

"Hata wakileta polisi."

"Wasimguse."

Muthamia alikuwa ameketi na kikombe mkononi. Alijua mtoto yule alizaliwa mdogo kiasi gani, katika mji uliojaa vumbi na vikohozi, baba yake akirudi mara mojamoja kutoka safari za malori za nchi sita. "Lydiah," alisema, "si sindano."

"Nani amekuuliza?" Njura alimgeukia.

"Si sindano iliyokosea. Ni mimi. Sista aliuliza swali, na mimi sikumuuliza mama."

"Swali gani?" ilisema simu.

Hapo angeweza kusimama. Maneno laini yalikuwa tayari mdomoni: swali la presha, swali la moyo. Yangetosha labda, na ahadi ya kitandani ingebaki nzima. Lakini presha hailazimishi mtu kuamini. Lydiah angeuliza presha gani, nani alimpima, na mwisho angerudi kwenye sindano, na mtoto angebaki vilevile. Muthamia aliweka kikombe chini. Akalisema swali la sista lote, kwa Kimbeere, bila kuacha neno: virusi, ukimwi, dawa za kupunguza makali, mwili usio na kinga. Kisha akasema jibu ambalo Ciakuthii alimpa daktari nyuma ya pazia.

Chapati iliungua kikaangoni. Hakuna aliyeigeuza.

"Na wewe," Lydiah aliuliza polepole, "ulimuuliza mama nini?"

"Nilimuuliza kama ana nguvu. Akasema zipo, mtoto wake anamngoja."

Simu ilikatika. Njura alizima jiko. "Kwa hiyo ulikuwa unajua," alisema. "Pale kaburini. Nikilaani watu wa kliniki, wewe umenishika mkono, na ulikuwa unajua."

"Alinikataza, Njura."

"Sikuulizi alichokukataza. Nakuuliza wewe ni mtu gani."

Njura alichukua watoto akaenda nao Siakago, akakaa huko mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa. Kanisani, mhubiri mgeni alipokuja Mwaka Mpya, mzee Riungu alimtafuta Muthamia, akamkuta ameketi viti vya nyuma kabisa. Alisema koo linamuuma. Wakamsimamisha kijana mwingine, aliyekuwa akikosea na kurudia.

Njura aliporudi alihamishia nguo zake chumba cha watoto. Alipika, alifua, aliuliza bei ya sukari. Mambo ya dada yake hakuyataja, na Lydiah hakupiga tena simu wakati Muthamia yuko nyumbani.

Katikati ya Januari, asubuhi, Njura alikuwa anapanga madaftari ya darasa lake simu ilipolia mlio wa ujumbe. Aliusoma akiwa amesimama. Akausoma tena. Muthamia, mlangoni, akiwa na funguo za duka mkononi, alingoja.

"Katoto kamechanjwa," Njura alisema, macho kwenye madaftari. Akayakumbatia, akampita, akaenda shuleni.